Nyasi za Kubeba Kilio

Mtaa mzima ulimwita Voisin, yaani jirani, hata watu wa ng'ambo ya reli ambao hawakupakana naye popote. Sisi tulipakana naye kweli. Ukuta ulikuwa mmoja, mfereji wa maji machafu ulikuwa mmoja, na ua wa miti uliotutenganisha aliukata upande wake, kisha akaja kuukata upande wetu bila kuomba ruhusa. Nitamwita Jirani. Jina lake ninalijua, lakini kila nikiliandika naona nimeanza kueleza mtu mwingine, mwenye kitambulisho na koti la Jumapili.

Alikuwa na nyasi. Nyumba za mtaa wetu wa Likasi ni za zamani za kampuni ya migodi, na kila moja ina uwanja mpana mbele. Mvua zikianza, kila mtu hulima mahindi hadi kwenye ngazi ya mlango. Jirani hakulima. Nyasi zake zilikuwa fupi, za kutambaa, za kijani hata mwezi wa nane wakati mji mzima ni vumbi jekundu. Yeye mwenyewe alizipita pembeni, akiambaa na ukuta, akazunguka uwanja mzima ili kufika kwenye geti lake.

Na uwanja huohuo aliutoa kwa vilio. Nyuma yetu inaanza Kikula, nyumba ambazo watu wamejijengea wenyewe, ukuta kwa ukuta, hakuna mahali pa kutandika mikeka. Mtu akifa kule, familia inahitaji nafasi ya turubai, ya masufuria, ya viti vya plastiki vya wanaume, na zaidi ya yote nafasi ya wanawake, maana kwetu wanawake wa kilio hukaa chini, miguu imenyooshwa mbele, mchana kutwa, na usiku wanalala palepale. Halafu gari linaleta jeneza kutoka hospitali, linaingia hadi mlangoni ili marehemu aagwe, ndipo waende kanisani na makaburini. Yote hayo juu ya nyasi za Jirani. Walipokuja kuomba hakukataa. Alifungua geti, akaliwekea jiwe lisijifunge, akaenda nyuma ya nyumba. Hakukaa kwenye kilio hata kimoja, hata cha mtu aliyempenda. Siku ya kuinua kilio, yaani kukimaliza, turubai likiwa bado limesimama, alitokea na uma wa bustani akaanza kutoboa ardhi iliyokanyagwa ili ipumue.

"Papa Voisin, acha kwanza batu batoke!" mama mmoja alimwambia siku moja, mkeka ukiwa bado begani.

"Batoke polepole, Mama. Minye minaanza na fasi yenye haina mutu."

Alikuwa na misemo ya namna yake. "Majani haina adui, iko na bageni tu." Alikuwa Mkatoliki, mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya misa ya asubuhi, na alisema: "Bakatoliki banaharibu majani polepole. Ba kanisa ya maombi banaiharibu na furaha." Alimaanisha kucheza, kwa sababu wao huimba na kurukaruka hadi alfajiri hata mbele ya jeneza. Lakini aliwapa uwanja sawasawa na wengine. Mbuzi aliwarushia kandambili. Mwalimu mmoja wa katekisimu aliyeegesha pikipiki juu ya nyasi aliambiwa aibebe kwa mikono hadi nje, asiisukume. Kulikuwa na mzee wa nyumba ya mbele ambaye hakusalimiana naye kwa miaka mingi, ugomvi wa ukuta. Mjukuu wa mzee huyo alipofariki, wajumbe waliotumwa kwa Jirani wakiwa na aibu walikuta geti liko wazi tayari, na jiwe limeshawekwa.

Ninaloeleza hapa hasa ni mwaka ambao mkewe alikuwa kitandani. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umepooza, na sista wa zahanati alimwambia Jirani mlangoni, kwa sauti ya chini, ajitayarishe, pengine mgonjwa asingeziona mvua zikiisha. Tangu siku hiyo Jirani alitaka kitu kimoja. Alitaka chini ya nyasi zake pawe na kitu cha kuishika ardhi, ili wakati wa mvua gari liweze kufika mlangoni bila kuzama, na nyasi zibaki nyasi, wanawake waweze kuzikalia. Alitaka iwe tayari kabla ya mvua. Na alitaka mkewe asijue ni kwa ajili ya nini. Mtaani alisema anatayarisha harusi ya mtoto wa dada yake. Kila mtu alielewa, na kila mtu aliuliza habari za harusi.

Mimi nilijua kilichoanzisha wazo hilo, kwa sababu kilitokea kwenye kilio cha mama yangu.

Mama alifariki msimu uliotangulia, mvua zikiwa zimekolea. Uwanja wetu ulikuwa mahindi, kwa hiyo kilio kilikaa kwa Jirani. Gari lililomleta lilipita geti, likafika katikati, likazama. Dereva akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure, wanaume wakasukuma, na tope likaruka likapiga kitambaa cheupe kilichofunika jeneza. Shangazi zangu walilia zaidi. Mimi sikulia. Nilikuwa naangalia doa, nikifikiria ni sabuni gani ingelitoa. Walinishika mikono wakidhani nitaanguka, na mimi nilikuwa nimesimama vizuri kabisa. Nasema hivi kwa sababu watu wakinisoma huenda wakatafuta machozi mahali fulani. Sikuwa nayo. Nilikula, nilivua viatu, nilihesabiwa kuwa jasiri. Ndani palikuwa kama chumba kilichohamwa, na hadi sasa sijui vyombo vilipelekwa wapi.

Siku ile Jirani alikuwa kwenye kona ya nyumba yake, ameshika ukuta. Baadaye aliniambia: "Mutu akiwa analia hawezi kuchagua fasi ya kukanyaga. Njo ardhi yenyewe iko lazima ikuwe nguvu."

Alikuja kwangu kwa sababu nachora ramani za nyumba. Sikusomea. Nilijifundisha kwa kompyuta kuukuu na simu, na watu wa Kikula wanaotaka vyumba vitatu kwenye kiwanja cha vyumba viwili huja kwangu. Kila mchoro ninaoutoa naufuta na kuurudia hadi mwenye nyumba anachoka kusubiri, na akishauchukua, nalala nikingoja aje kuniambia mlango umegonga ukuta. Jirani aliniita Injenyere, kunichokoza.

"Injenyere wangu, batu ba Ulaya banafanya namna gani juu ya majani bapitishe motokari?"

Nilitafuta hadi macho yakauma. Nilimletea kila nilichokipata: nyavu za plastiki zenye vyumba kama sega la nyuki, zinazozikwa chini na kujazwa udongo, vitalu vya saruji vyenye matundu ambamo nyasi huota, kokoto zilizoshindiliwa, mikeka ya mpira. Nilikuwa nimezipanga kwa nguvu, kwa maisha yake, kwa jinsi maji yanavyopita. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Ni muzuri. Sasa, ku hizi zote, mama anaweza kukaa juu yake siku muzima?"

Hakuna niliposoma habari za kukaa. Kule kote nyasi ni za kupita. Niliona haya, nikaanza kueleza mambo ya uzito kwa kila gurudumu, na yeye akanigonga begani kwa kidole: "Basi tutaenda kukaa."

Ndivyo tulivyochagua. Alikwenda na kila kitu akakikalia, miguu imenyooshwa mbele kama mama wa kilio, mzee wa mashavu membamba mwenye kofia, mbele ya watu. Changarawe nyekundu aliikalia kando ya barabara. Aliinuka na alama kwenye suruali, akasema hapana. Fundi mmoja alituonyesha kipande cha mkanda mzito wa mpira, ule unaobeba mawe viwandani, ambao watu wengi hapa huutandika mbele ya milango. Ilikuwa saa sita mchana. Aliukalia, akaruka.

"Aba! Hii inataka kunipika!"

"Papa, ungoje usiku," fundi alisema.

"Usiku iko na baridi, na maji itakaa juu yake. Hapana."

Wavu wa plastiki tuliupata kipande tu, kwa mtu aliyeutoa Lubumbashi. Alikikunja, kikavunjika mkononi. Kilikuwa kimekaa juani muda mrefu. Alikirudisha kwa heshima, kama mtu anayerudisha mtoto aliyeanguka.

Kikula kuna mama mmoja anayefyatua matofali ya saruji, na kati yake kuna yale ya matundu ambayo watu hujenga juu ya madirisha ili hewa ipite. Tunayaita klostra. Mimi ndiye niliyeyaona nikasema, haya yakilazwa chini yanafanana na vitalu vya kule. Jirani alilaza matatu ardhini, akayakalia.

"Papa, ile haiko kiti, ni dirisha!" mama wa matofali alimpigia kelele, na vijana wake wakaacha kuchanganya saruji.

"Minajua ni dirisha. Leo iangalie mbinguni."

"Na weye unaangalia nini?"

"Minaangalia kama matako yako ingeweza."

Walicheka hadi mama mwenyewe akaja kukaa pembeni yake kupima. Alidumu kidogo, akasema kingo zinauma, na mwanamke aliyefiwa hatakiwi kuumizwa na kitu kingine. Jirani hakucheka tena. Akasema: "Basi gari iko na fasi yake, bamama beko na fasi yabo."

Huo ndio ulikuwa uamuzi, na ulipatikana pale, kwenye vumbi la saruji. Klostra tungeziweka mistari miwili tu, upana wa magurudumu, kutoka getini hadi mlangoni. Sehemu ya wanawake tungeichimbua na kuichanganya na mchanga wa chembe nene, ili maji yapite na tope lisishike, na juu yake nyasi peke yake. Nilichora mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilimwambia udongo ndani ya matundu ukae chini kidogo ya ukingo, ili gurudumu likanyage saruji na shina la nyasi libaki salama. Alifurahi, akasema hilo hata yeye asingelifikiria.

Halafu tulikosea, wote wawili. Kwetu mchanga mweusi wa kiwandani ndio unaowekwa kila mahali penye tope, njiani, mbele ya duka, uani. Maji hupita mara moja na kiatu hakishiki kitu. Tuliweka huo. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa za nchi ambazo mchanga ni mchanga tu. Yeye aliuona miaka yote ukiwa chini ya miguu yake na hakuwahi kujiuliza kwa nini penye mchanga huo huhitaji kung'oa magugu. Nyasi zilishika, zikaonekana nzuri, kisha zikawa njano kuanzia pembeni, kisha hazikuwepo. Mistari miwili ya klostra ilibaki uchi, na sehemu ya wanawake ikawa na mabaka kama kichwa cha mgonjwa wa mapunye.

Ilikuwa inakaribia mwezi wa kumi. Mawingu yalikuwa yakisimama upande wa ziwa Tshangalele kila alasiri, kisha yakiondoka. Nilimkuta Jirani amechuchumaa kwenye mabaka, anapitisha mchanga mweusi kati ya vidole.

"Ni shaba," alisema. "Tunakaa juu ya shaba, tunakula shaba, na tunaona ajabu majani inakataa."

Nilianza kuomba msamaha na kueleza mahali nilipopotoka, na nilikuwa nataka kueleza kwa ukamilifu. Alinikata.

"Injenyere. Minye sina wakati ya weye kujiona mubaya. Leta koleo."

Tuliuondoa wote. Tukaweka mchanga wa mto uliochanganywa na samadi ya kuku, na vipande vya nyasi alivyokata nyuma ya nyumba, alikokuwa amehifadhi mbegu yake kama mtu aliyejua. Alizimwagilia asubuhi na jioni kwa ndoo kutoka kisimani, maana bomba lilikuwa kavu. Sauti ya ndoo ndiyo iliyomfikia mkewe. Dirisha lake lilikuwa upande huo, na kitanda kilitazama ukuta. Siku moja tulimsikia kutoka ndani, maneno yamelegea upande mmoja lakini yanaeleweka.

"Papa, munafanya nini kule inje?"

"Minatengeneza fasi ya mariage."

"Mariage ya nani?"

"Ya mutoto ya dada yangu."

"Yule mutoto eko na bwana?"

Jirani alinitazama, ndoo mkononi. "Atapata," alisema.

Nilisikia kitu ndani ya nyumba ambacho kinaweza kuwa kikohozi.

Sijawahi kumjua mtu asiyejua kudanganya kama Jirani, lakini aling'ang'ania. Nyasi ziliposhika, alimwita dereva wa teksi wa mtaa wetu apite juu ya mistari kupima. Alitaka gari liwe zito. Alipakia mifuko ya saruji nyuma, kisha akawaomba vijana wawili wakae juu ya mifuko.

"Papa Voisin," dereva alisema kupitia dirisha, "huyu bibi-arusi wenu anakula nini?"

Vijana walicheka. Kisha mmoja wao akaacha, na mwingine akaacha, na dereva akawa anaangalia usukani. Jirani alipiga bodi ya gari kwa kiganja: "Endesha." Gari likapita hadi mlangoni na kurudi. Klostra moja ilipasuka karibu na geti, mahali nilipokuwa nimeshindilia vibaya. Nyingine zote zilikaa. Nyasi zililala na kuinuka. Nilipaswa kufurahi. Niliiangalia ile iliyopasuka.

Mara ya mwisho kukaa nao, kabla sijahamia Lubumbashi, mvua zilikuwa zimeanza kweli. Ilikuwa imenyesha asubuhi nzima, na mchana jua likatoka ghafla na bati zote zikawa zinatoa mvuke. Nilikuja kuangalia kingo. Teksi ilikuwa imetoka tu. Ilimrudisha mkewe kutoka zahanati, ikapita juu ya mistari hadi mlangoni na tairi zake zikatoka safi. Lakini mgonjwa alikuwa amekataa kuingia ndani. Alikuwa ameomba mkeka. Alikaa katikati ya sehemu ya wanawake, mgongo umeegemea mto, mguu mmoja amenyoosha mwenyewe na mwingine amenyooshewa, kitambaa kichwani. Jirani alikuwa amesimama mbele yake, uso umebadilika.

"Twende ndani. Jua ni kali."

"Niko muzuri hapa."

"Chini kuko maji."

"Hakuna maji." Alipapasa nyasi kwa mkono wake mzima. "Imepita yote."

Kwetu mwanamke mzima akikaa chini juu ya mkeka mbele ya nyumba, mchana, geti likiwa wazi, maana yake ni moja. Mama mmoja aliyekuwa anapanda kutoka soko la Kikula na beseni kichwani aliona, akasimama. Akashusha beseni, akafunga kitenge vizuri kiunoni kama anayejiandaa, akasogea hadi getini na sauti ya kilio tayari iko kooni.

"Pole, Mama. Pole sana. Ni nani?"

Mke wa Jirani alimtazama kwa utulivu.

"Bado," alisema. "Pita tu, Mama. Asante."

Yule mama alichukua beseni lake akaondoka haraka, akijipiga ishara ya msalaba. Nilidhani Jirani atasema tena habari za mtoto wa dada yake, na nilikuwa tayari kumsaidia, nilikuwa hata nimetunga jina la bwana arusi. Mikono yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa, mfukoni, nyuma, kwenye kofia.

"Ni ya weye," alisema. "Hii fasi. Ni ya weye."

"Minajua, Papa." Aliinua mkono, akamwashiria pembeni. "Songa kidogo, unanifungia barabara."

Alisonga. Nilikaa kwenye ukingo wa mkeka, na baada ya muda yeye akakaa upande wa pili. Barabarani alikuwa anapita mtu wa makaa, anasukuma baiskeli kupandisha mlima, magunia yamemfunika mwili wote isipokuwa miguu. Tulimwangalia sote watatu mpaka akapotelea kwenye kona.